Kizimba hai au kizimba cha kawaida kwa tarantula? Anza na maji

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma Leicester alinitumia ujumbe wa sauti. "Dada, shikamoo. Nimepata tarantula wangu wa kwanza, yule mwenye nywele za kujikunja. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia nimtengenezee kizimba hai, chenye mimea na wadudu wa kusafisha. Eti bila hivyo ninamtesa. Ni kweli?"

Nikamjibu: "Marahaba, mdogo wangu. Hapana, humtesi. Lakini usinunue kitu chochote kwanza, nitakuandikia."

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wa tisa nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, hapa Bremen, Ujerumani. Rafuni kwangu kuna vizimba kumi na vinne: vitatu ni hai kamili, saba ni vya katikati, vinne ni vya kawaida kabisa. Hesabu hiyo haikuanza hivyo. Kuna mwaka nilitaka vyote viwe hai, nikavijenga, na mwaka uliofuata nikabomoa zaidi ya nusu. Ninayoandika hapa ni sababu za kubomoa, na sababu za kuviacha vile vitatu.

Tuelewane maneno kwanza. Kizimba cha kawaida ni boksi la plastiki au kioo lenye matundu ya hewa, udongo, gome la kujifichia na bakuli la maji. Mabaki ya mlo unayatoa mwenyewe kwa kibanio. Kizimba hai kamili kina tabaka la kokoto nyepesi za udongo wa kuchomwa chini kabisa ili maji ya ziada yashukie huko, juu yake wavu, kisha udongo wenye rutuba, majani makavu, mimea iliyo hai, taa ya kuikuza, na wafanyakazi wawili: kolembola na isopodi. Kolembola ni vidudu vyeupe vya milimita moja au mbili hivi, ukivipulizia vinaruka kama ufuta kwenye kikaango cha moto. Isopodi ni wale wanaokaa chini ya mawe na vyungu vya maua, wenye miguu kumi na minne, wengine hujikunja wakawa kama gololi.

Cha katikati hakitajwi sana, na ndicho ninachokipenda: udongo, majani makavu, kipande cha gome, kolembola. Hakina kokoto, mimea wala taa.

Uchafu wenyewe ni mdogo

Vizimba hai vilipata sifa kwa wafugaji wa vyura na mijusi, wanyama wanaokula kila siku na kuchafua kila siku. Huko wadudu wa kusafisha wana kazi ya kweli. Tarantula mzima anakula mende mmoja au nyenje mmoja kwa wiki, mara nyingine anakaa mwezi mzima bila kutaka. Akimaliza kula anaacha kidonge cha mabaki kikubwa kama mbegu ya ubuyu. Choo chake ni matone meupe yanayokauka kwenye kioo. Udongo wa kizimba cha kawaida, ukitoa vidonge hivyo, hukaa miaka bila kubadilishwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kizimba hai kitakupunguzia kazi, muulize kazi gani. Kwa buibui mmoja, kazi ni kibanio mara moja kwa wiki. Na wale isopodi, ukishawaweka, mlo wa mezani kwa tarantula hauwatoshi. Inabidi uwape majani makavu mara kwa mara, kipande cha ganda la yai kwa ajili ya chokaa, na chakula kidogo cha samaki. Yaani umeongeza mifugo, na nao wanataka kulishwa.

Faida ya kweli ya wadudu hawa iko mahali pengine: kwenye ukungu. Penye unyevu, kidonge cha mabaki ulichokosa kukiona huota ukungu ndani ya siku mbili tatu, na utitiri huja kufuata uozo. Kolembola wanakula ukungu. Wakiwa wengi, hata ule mweupe unaotokea juu ya gome jipya huisha kabla hujaufikiria. Penye ukavu, kidonge hicho hicho hukauka kikawa kigumu na hakimsumbui mtu.

Sasa hapo ndipo maji yanapoingia. Isopodi si wadudu hasa, ni jamaa za kaa na kamba waliohamia nchi kavu, na bado wanapumua kwa viungo vinavyotaka unyevu. Kolembola nao ngozi yao ni nyembamba, hukauka haraka. Kwenye udongo mkavu wote wawili wanakufa. Kwa maneno mengine, wafanyakazi hawa wanaishi palepale wanapohitajika, na wanakufa pale ambapo hata wasipokuwepo hakuna tatizo. Ukilishika hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Tarantula wako anataka udongo mkavu au wenye unyevu?

Ukilazimisha kizimba hai kwa tarantula wa maeneo makavu, ama yeye au wafanyakazi wake wataumia. Nilishawahi kunyunyizia maji kila baada ya siku mbili ili isopodi wasife, na tarantula wangu wa Chaco, Grammostola pulchripes, akawa anashinda amening'inia kwenye kioo, miguu yote minane juu, hataki kukanyaga chini. Nikafikiri amechoka na giza la pangoni. Alikuwa anaikimbia ardhi iliyolowa. Nilipoacha udongo ukauke alishuka siku ya nne.

Siku ya kujivua gamba

Hapa ndipo tofauti kati ya vizimba hivi inapouma zaidi, nami nitakaa hapa kidogo.

Tarantula akikua hujivua gamba zima la nje. Anatandika mkeka wa utando, analala chali, na kwa saa kadhaa anajivuta kutoka kwenye ngozi ya zamani kama mtu anayevua glavu nane kwa pamoja. (Anayeanza ufugaji akimwona chali hudhani amekufa. Aliyekufa hukunja miguu chini ya tumbo, mara nyingi akiwa amesimama vilevile. Aliyelala chali usimguse.) Akitoka, mwili wake ni laini kama jibini, na hata meno yake ya sumu ni meupe, hayawezi kutoboa chochote. Huchukua siku, na kwa wakubwa wiki moja hadi mbili au zaidi, kukomaa hadi meno yawe meusi.

Katika siku hizo, kitu chochote chenye mdomo ni hatari kwake. Nyenje mmoja aliyesahaulika anaweza kumtafuna. Kwenye kizimba cha kawaida nyenje hana pa kujificha, unamwona, unamtoa. Kwenye kizimba chenye mimea na majani tele, nyenje akishaingia chini ya majani humpati tena, na huna hakika kama ameliwa au yupo. Ndiyo maana kwenye vizimba vyangu hai situpi nyenje: ninamshikia mende kwa kibanio mbele ya buibui, akikataa natoka naye.

Na isopodi? Inategemea ni yupi. Yule mdogo mweupe, Trichorhina tomentosa, hazidi milimita tano, anaishi ndani ya udongo, sijawahi kumwona akimgusa tarantula. Porcellio scaber, yule mkubwa wa kijivu anayepatikana bustani zote za Ulaya, ni habari nyingine. Ana njaa ya protini. Nilimwokota bustanini chini ya chungu, nikamwingiza kwa huyohuyo Grammostola wangu, nikasahau. Usiku alipojivua gamba niliamka kwenda kunywa maji, nikamulika tochi. Walikuwa kama kumi na tano. Wengi walikuwa wanakula ngozi ya zamani, na hiyo ni chakula chao halali, lakini watatu walikuwa tayari kwenye kiungo cha mguu wa nyuma wa yule aliyelainika, wanapapasa kwa vipapasio. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio hadi saa kumi alfajiri, mkono unatetemeka nisimguse yeye. Alipona. Tangu siku hiyo Porcellio wakubwa hawaingii kwenye kizimba cha tarantula kwangu, hata wawe na rangi nzuri kiasi gani.

Kolembola hawana shida hiyo. Ni wadogo mno, na wanachotaka ni ukungu. Hii ni moja ya sababu cha katikati kinanipendeza: kinachukua mfanyakazi asiye na madhara na kumwacha yule mwenye mashaka.

Mkono wako ndani ya kizimba

Mimea inakua, na hilo ndilo watu husahau. Pothosi, ule mmea wa kutambaa, ukimwacha miezi sita anajaza boksi, anaziba matundu ya hewa, jani linaoza, unatakiwa uingize mkono ukate. Kila mara unapoingiza mkono unamsumbua buibui, na yeye anakusumbua wewe.

Tarantula wa Amerika wengi wana nywele zinazowasha juu ya fumbatio, yaani tumbo. Wakikasirika wanazipangusa kwa miguu ya nyuma zikaruka hewani. Aliyewahi kugusa upupu anajua ninachosema, tofauti ni kwamba hizi zinaweza kuingia machoni, na zikiingia unaenda hospitali. Nywele hizo hubaki kwenye udongo na kwenye majani ya mimea, kwa hiyo unapopogoa unazishika hata kama buibui amelala. Vaa glavu na miwani, usivute pumzi juu ya boksi.

Wa Afrika na Asia hawana nywele hizo. Wanauma. Kwa mtu mzima mwenye afya si kifo, ila ni maumivu makali na mikakamao ya misuli inayoweza kudumu siku kadhaa. Kwa buibui wa aina hiyo, kila mmea ni sababu moja zaidi ya kuingiza mkono, na mimi sitaki sababu hata moja. Lakini upande wa pili upo: kolembola wakikusafishia vidonge vya mabaki ndani ya shimo ambalo kibanio hakifiki, unapunguza safari za mkono. Kwa hiyo kwa wakali hawa mimea inakuongezea hatari na kolembola wanaipunguza, na wote wawili watu huwaweka katika neno moja, "hai", kana kwamba ni kitu kimoja.

Kokoto za chini na wavu wake

Tabaka la kokoto huonekana la kitaalamu, na kwa chura linafaa. Kwa tarantula anayechimba ni kosa. Atachimba hadi kwenye wavu, atang'ang'ania, na kucha zake ndogo za miguuni hunasa kwenye matundu. Ile ni sababu hiyohiyo inayowafanya wafugaji waangalifu wabadilishe mifuniko ya wavu wa chuma kwa mifuniko yenye matundu ya kutoboa. Tena sentimita tano za kokoto ni sentimita tano za kina cha udongo ulizomnyang'anya.

Na kina si cha kuongeza tu kwa kuinua boksi. Tarantula wa ardhini ni mzito na fumbatio lake ni jepesi kupasuka. Akipanda kioo akaanguka kutoka juu, anaweza kufa hapohapo. Kanuni tunayoifuata: kutoka juu ya udongo hadi mfuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Basi ukitaka mimea mirefu kwa tarantula wa ardhini, umeshaivunja kanuni. Mawe makali ya urembo nayo toa.

Ukimwagilia kwa kiasi hutahitaji kokoto kabisa. Mimi nina vizimba vitatu tu vyenye tabaka hilo, vyote vya wakaa mitini, ambao hawachimbi.

Mimea ya dukani

Hili halina pande mbili, lakini lisipoandikwa mtu atamuua buibui wake. Mimea mingi inayouzwa imepigwa dawa ya wadudu, na nyingine dawa hunyonywa na mizizi ikakaa ndani ya majani kwa wiki nyingi. Tarantula si mdudu, ila dawa haimbagui.

Nilinunua mmea mzuri kwenye duka moja la bustani, nikaosha majani, nikauchimbia. Kwa bahati nilikuwa sijamwingiza buibui. Kolembola wote waliokuwa karibu na mizizi walikufa ndani ya siku tatu, wakaelea kama unga juu ya maji. Sasa kila mmea mpya naosha mizizi hadi udongo wa dukani uishe, naukuza pembeni wiki sita au zaidi, kisha naweka kipande cha jani na mzizi kwenye chupa yenye kolembola ishirini na kijiko cha udongo wangu. Wakiwa hai baada ya wiki, mmea unaingia. Majani makavu pia: nayaokota msituni, ya mwaloni, mbali na barabara na mashamba, nayachemsha au nayaoka kidogo kwenye jiko.

Vitu hivi vinachukua muda. Kizimba cha kawaida unakimaliza jioni moja na buibui analala humo usiku huo. Cha katikati, mpe kolembola wiki mbili wazaliane. Hai kamili ningesema wiki nne hadi sita kabla ya kumwingiza mwenyewe, na kwa mfuko wangu kiligharimu karibu mara tatu ya cha kawaida, nyingi ikiwa taa na mimea iliyokufa.

Sasa, buibui gani, kizimba gani

| Tarantula | Asili | Ningechagua |
|---|---|---|
| Makinda ya aina yoyote | – | Kawaida, kikopo kidogo |
| Grammostola pulchripes | Chaco: Argentina, Paraguai | Kawaida |
| Pterinochilus murinus | Afrika Mashariki na Kusini | Kawaida |
| Pelinobius muticus | Kenya, Tanzania | Katikati, udongo wa kina |
| Tliltocatl albopilosus | Amerika ya Kati | Katikati |
| Theraphosa stirmi | Guyana, Brazili | Katikati, pamoja na isopodi wadogo |
| Caribena versicolor | Martinique | Hai kamili |

Makinda ni rahisi: kinda la sentimita moja kwenye boksi la mimea hutalipata tena. Weka kikopo chenye matundu, udongo wa sentimita tatu nne, upande mmoja una unyevu. Umwone anakula, umwone anajivua. Mengine baadaye.

Pterinochilus murinus ndiye ninayemwandikia kwa moyo zaidi, kwa sababu rangi yake ya machungwa inayopendwa dunia nzima wafugaji huiita "Usambara", na mimi nimelelewa nikiitazama milima hiyo. Mwanasayansi Pocock alimweleza kisayansi mwaka 1897. Watu Ulaya husikia Usambara, wakafikiria misitu ya ukungu, wakamjengea msitu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliokota huko Usambara ua dogo la zambarau ambalo leo linakaa madirishani kwa mabibi wa Kijerumani, na nimeona watu wakilipanda ndani ya kizimba cha buibui huyu kwa kuwa ni ndugu wa kijiji kimoja. Ua lile linakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Buibui huyu ni wa vichaka vikavu na nyika. Milima ni ile ile, lakini hawalali chumba kimoja. Na hata angevumilia unyevu, anasuka utando mwingi kiasi kwamba mmea hufunikwa wote, ukakosa mwanga na kufa, na wewe ndiye unayetakiwa kuingiza mkono kuutoa mbele ya mmoja wa tarantula wepesi na wakali kuliko wote. Mpe udongo mkavu wa sentimita kumi na tano, gome lililoinama, matawi makavu ya kushikilia utando, bakuli la maji. Ndani ya mwezi atakijaza mwenyewe kwa mahandaki meupe, na hakuna mmea utakaokipendezesha kuliko hayo.

Pelinobius muticus ni jirani yake lakini maisha yake ni mengine. Karsch alimweleza mwaka 1885, na wafugaji wa zamani bado wanamwita Citharischius crawshayi, jina alilopewa na Pocock mwaka 1900. Ni wa kahawia kama ardhi baada ya mvua, miguu yake ya nyuma minene na imepinda, na anaitumia kuchimba shimo refu la kwenda chini. Juu ya ardhi ni pakavu, chini shimoni kuna ubaridi na unyevunyevu. Ukitaka kumfuga vizuri, fikiria wima. Kina cha sentimita thelathini za udongo uliochanganywa na mfinyanzi na kushindiliwa, bila kokoto. Nimesimamisha bomba jembamba pembeni kuanzia juu hadi chini kabisa, na maji namimina humo, kikombe kimoja kila baada ya wiki chache, ili unyevu uanzie chini na juu pabaki pakavu. Kolembola wamejipatia makao huko chini, kwenye unyevu, karibu na anakoacha mabaki yake. Hii ndiyo sehemu pekee ambapo nimeona wazo la kizimba hai likifanya kazi kwa buibui wa kwetu, na kutoka nje huoni chochote zaidi ya boksi la udongo lenye tundu. Pasha chumba joto, usiweke mkeka wa joto chini ya boksi: mchimbaji anayesikia joto hushuka chini kulikimbia, na huko ndiko lilipo.

Theraphosa stirmi ni jitu. Anataka unyevu mwaka mzima, anakula sana, na kidonge chake cha mabaki ni kikubwa na kinaoza haraka. Hapa kolembola na Trichorhina wanajilipia. Mimea usijisumbue, ataing'oa na kuilalia. Na nywele zake ni kali kuliko za wengi, kwa hiyo kupogoa ni adhabu.

Caribena versicolor ndiye aliyeniachia vizimba vyangu hai vitatu. Anakaa juu, anasuka nyumba yake kwenye majani na gome, hachimbi, hashuki sana. Mimea iko chini na yeye yuko juu, kila mmoja na makazi yake. Shina la pothosi lililoegemea gome linampa mahali pa kufungia utando. Udongo wenye unyevu chini unapumua taratibu, wadudu wanasafisha kinachodondoka. Ila chunga hewa. Buibui huyu anakufa haraka kwenye hewa nzito iliyofungwa, na watu wengi wamempoteza kwa kunyunyizia maji kila siku na kufunga mfuniko. Weka matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili ili hewa ipite. Wakati wa baridi, hita za Ulaya zinapokausha chumba, ongeza maji kwenye udongo, usizibe matundu.

Neno moja kwa mnaosoma mkiwa Tanga, Voi au Makueni, kwa kuwa nimeshapokea picha za mashimo porini na swali "nimchimbe?" Usimchimbe. Kukamata wanyama wa porini bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania, na Tanzania mwaka 2016 ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Ulaya kwa kukutwa na malkia wa sisimizi takriban 5,000 ndani ya mirija: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi kumi na miwili jela. Kwa sisimizi. Jike la Pelinobius hukua polepole sana, miaka mingi, na shimo moja likichimbuliwa halirudi mwakani. Wanaozaliwa vizimbani wapo. Huku Ujerumani utawapata hata kwenye maonyesho makubwa ya Hamm, na kwa aina zilizomo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kama jamii ya Brachypelma, dai karatasi zao.

Namrudia mdogo wangu wa Leicester. Yule wa nywele za kujikunja ni Tliltocatl albopilosus, mpole na mvumilivu, anayesamehe makosa ya anayeanza. Nimemwambia atengeneze cha katikati. Boksi la sentimita thelathini kwa ishirini hivi, udongo wa sentimita kumi na mbili: makumbi ya nazi sehemu mbili, udongo wa juu wa bustani usio na mbolea wala dawa sehemu moja, maana makumbi matupu hayashiki shimo. Nusu ya gome iliyozikwa kidogo, majani ya mwaloni kiganja kimoja, kolembola kutoka kikopo kimoja, bakuli la maji. Amwagie upande mmoja tu, aache wa pili ukauke, buibui achague. Asimlishe siku tano za kwanza.

Jana usiku alinipigia, tofali la makumbi limo kwenye ndoo, amelimiminia maji ya vuguvugu na limefura hadi ukingoni. Akasema, "Dada, harufu hii ni ya Pangani kabisa, wale wanaofukia makumbi topeni wasokote kamba." Nikamwambia achote kiganja akamue kwa nguvu. Likidondosha maji, bado, alitandaze kwenye gazeti hadi asubuhi. Likishikamana kama tonge la ugali bila kudondosha, ajaze boksi.